Naomba ushauri: binti yangu alizaliwa na mgongo wazi, je, atatembea?

Mama Tumaini: Habari zenu wanajukwaa. Mwanangu wa kwanza, binti wa miezi minne, alizaliwa na mgongo wazi. Uvimbe uliokuwa kiunoni ulifungwa kwa upasuaji siku chache baada ya kuzaliwa, na kidonda kimepona vizuri. Mapaja anayachezesha, lakini nyayo zimelegea na hashtuki hata nikimtekenya. Sipati usingizi kwa swali moja: je, atatembea? Na asipotembea, maisha yake yatakuwaje? Wenye uzoefu nisaidieni, wala msinifiche kitu.

Mwadilifu: Pole dada, lakini tuambizane ukweli. Mfereji wa neva, ambao ndio unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, mara nyingi kabla mwanamke hajajua kuwa ni mjamzito; usipojifunga vizuri upande wa mgongoni, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo maana vidonge vya asidi ya foliki vinavyosaidia kuzuia hali hiyo, mikrogramu 400 kwa siku, vinatakiwa kuanza kabla ya mimba na si siku ya kwanza ya kliniki. Je, wewe ulivimeza?

Baba Wawili: Ndugu Mwadilifu, hilo halikuulizwa, na wapo waliovimeza ipasavyo wakajaliwa watoto kama hawa. Dada, kijana wangu alizaliwa hivyo hivyo. Leo yuko sekondari, anatembea kwa magongo na vyuma vya miguu, na safari ikiwa ndefu hutumia kiti cha magurudumu. Kutembea kunategemea sana kasoro ilikuwa usawa wa pingili zipi: kadiri inavyokuwa chini ndivyo misuli mingi inavyosalimika, na mtoto anayeweza kunyoosha goti kwa nguvu zake ana matumaini makubwa. Hata hivyo, kilichotuhangaisha zaidi si miguu bali kibofu. Mkojo usiotoka wote hupanda na kuharibu figo kimyakimya, mtoto akionekana mzima kabisa. Tulifundishwa kumtoa mkojo kwa katheta safi, yaani mrija mwembamba unaoingizwa hadi kwenye kibofu, kila baada ya saa 3 hadi 4: nilinawa mikono, nikaipaka ncha jeli, nikaisukuma taratibu hadi mkojo uanze kutiririka, kisha nikasubiri hadi tone la mwisho. Siku hizi anajifanyia mwenyewe shuleni. Hakikisha glavu na katheta si za mpira wa asili, kwa sababu watoto wengi wenye mgongo wazi hupata mzio. Akili yake ni nzuri, ingawa hesabu zinamtesa.

Muuguzi Mstaafu: Mama Tumaini, umetueleza habari za mgongo na miguu, lakini kichwa hukukitaja. Watoto wengi wenye mgongo wazi hujaa maji kichwani, na mara nyingi hali hiyo hujitokeza baada ya mgongo kufungwa. Kichwa chake kinapimwa?

Mama Tumaini: Kimekua kiasi. Daktari wa upasuaji alishauri awekewe mrija wa kuyatoa maji kichwani kuyapeleka tumboni, ila mimi na baba yake tumeona asubiri apate nguvu kwanza, kwa kuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye kisu. Tena mtoto wa binamu yangu aliwekewa mrija huo, ukaziba, akarudishwa chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja. Sikulitaja kwa sababu nilichouliza ni miguu.

Jicho Kali: Hapa nina shaka. Mwanzo kila kitu kilikuwa kimepona, sasa kuna daktari aliyekataliwa na binamu mwenye mkasa wake. Hadithi za namna hii, zinazorefuka kila mtu anapouliza, tumeziona humu, na mwisho wake hutolewa namba ya kuchangia.

Mama Tumaini: Sijaomba senti ya mtu. Kadi ya kliniki ninayo mkononi: mzingo wa kichwa mwezi wa pili ulikuwa sentimita 39, wa tatu 42, na majuzi 45. Utosi umetuna hata nikimkalisha, macho yanaelekea chini hadi weupe unaonekana juu ya mboni, na tangu jana anatapika na kulala mno. Mkitaka kuniita mwongo niiteni, lakini nijibuni.

Muuguzi Mstaafu: Jicho Kali, hayo ni maelezo ya mtu anayemtazama mtoto wake, tuyaache mengine. Mama, binti wa umri huo kwa kawaida huwa na mzingo wa sentimita 40 na ushei, na kichwa huongezeka takriban sentimita 1 kwa mwezi; wako anaongeza 3. Hofu yako ya mrija ina msingi, kwani huziba, hupata maambukizi, na wengi hufanyiwa upasuaji tena. Baadhi ya watoto hufaa kwa njia nyingine, ambapo daktari huingiza kamera na kuyafungulia maji njia ndani ya ubongo bila kuacha mrija. Uliza kama wako anafaa. Lakini kusubiri hakumwongezei nguvu. Maji yanabana ubongo na mishipa ya macho, na kinachoharibika huko mara nyingi hakirudi. Watoto wanaotibiwa mapema na kufuatiliwa, wengi hufikia utu uzima. Kutapika, kulala mno na macho ya namna hiyo ni dharura: nenda hospitali usiku huu, usingoje kliniki.

Mama Tumaini: Baba yake amesafiri, anarudi Ijumaa. Naogopa kuamua peke yangu jambo tulilokwisha kulikubaliana.

Baba Wawili: Mpigie ukiwa njiani, dada. Mlikubaliana kabla hajaanza kutapika.

Muuguzi Mstaafu: Beba kadi na karatasi za upasuaji wa kwanza. Ukifika mapokezi sema wazi kwamba mtoto ana mgongo wazi, kichwa kinakua kwa kasi na anatapika, ili asipangwe foleni ya homa.

Mama Tumaini: Nimempigia, amesema twende. Habari za kibofu niulize huko huko?

Muuguzi Mstaafu: Uliza, na uombe apigwe ultrasaundi ya figo kabla ya kuruhusiwa. Ila kichwa kwanza.