Mtoto kapangiwa utafiti wa maisha ya Mjerumani aliyevunja boma la Isike. Ni sawa?

Mama Kanyenye
Habari zenu wana Tabora. Binti yangu kaja na kazi ya mradi ya Historia ya Tanzania na Maadili. Kila kundi limepangiwa mlowezi mmoja wa enzi za Mjerumani, waeleze maisha yake na kubandika picha. Kundi lake wamepewa Tom von Prince, yule aliyeitwa Bwana Sakarani. Ndiye aliyeongoza jeshi lililovunja boma la Isike, mtemi wetu wa Unyanyembe, hapa kwetu Januari 1893, kisha akaacha jeshi akaenda kulima Usambara. Nimesoma rasimu usiku mtoto akiwa amelala. Kazaliwa Mauritius, baba Mwingereza, mama Mjerumani. Mke wake aliandika kitabu. Shamba lake leo ni misheni ya Wabenedikti, karibu na Soni. Kafia vitani Tanga, Novemba 1914. Vyote vimo. Isike kapewa mstari mmoja, tena jina hakuna, ni "mtemi mmoja" basi. Na mwandishi anaishi Kanyenye, hapa hapa Tabora! Naombeni maoni, hii kazi ni sawa kuwapa watoto wa Tabora?

Fundi Cheyo
Si sawa hata kidogo. Walimu wa siku hizi wanaokota mada kwenye simu, wanagawa, wanaenda zao. Huyo Prince si ndiye aliyemkata kichwa Mkwawa, mtwa wa Wahehe?

Mwalimu wa Zamu
Kaka Fundi, umenichoma. Nafundisha somo hilo, ingawa si shule hiyo. Kwangu watoto wanakaa watatu dawati moja na maktaba ni kabati moja lenye kufuli. Mada naziandaa kwa taa ya simu baada ya kusahihisha madaftari. Hiyo nayo ni kuokota?

Na Mkwawa hakukatwa kichwa akiwa hai. Alijipiga risasi Julai 1898 kuliko kukamatwa, kichwa kikakatwa baada ya hapo na kupelekwa Iringa, ambako Prince ndiye aliyekuwa mkuu. Fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954.

Kuhusu mada, mimi naiunga mkono. Mtu akikuvunjia nyumba utataka kujua aliingilia dirisha gani. Na tusisahau, Prince hakuvunja boma lile kwa mikono yake. Askari wake wengi walikuwa Waafrika, na miaka iliyofuata Wanyamwezi wengi tu waliingia jeshi la Mjerumani.

Mjukuu wa Itetemia
Unasema nini mwalimu? Wazee wetu walikuwa wasaliti? Isike aliwarudisha nyuma Wajerumani mwaka 1892, wakaja tena, akawarudisha nyuma tena. Alipoona kuta zimebomoka aliingia kwenye ghala la baruti akalipua, asishikwe mkononi. Huyo ndiye wa kufundishwa. Wewe unatuletea habari za askari!

Mwalimu wa Zamu
Sijaandika neno wasaliti. Rudi usome.

Mjukuu wa Itetemia
Nimesoma. Mtu anajua unachotaka kusema hata usipokiandika.

Mzee wa Ng'ambo
Wanangu, taratibu. Hayo ya baruti ni kweli, lakini wako wanaosimulia kwamba hakufa palepale, Wajerumani wakamtoa akiwa nusu maiti wakamtundika mtini. Vitabu vya shule vinaishia kwenye mlipuko.

Mjukuu wa Itetemia
Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, hilo la kutundikwa wanalitangaza wanaotaka ionekane walimpata. Hawakumpata.

Mzee wa Ng'ambo
Marahaba. Kumtundika mtu anayekata roho ni aibu ya aliyemtundika. Isike hapungui kitu hapo. Mimi nataka mtoto aandike yote mawili.

Mwana Ujiji
Watani zangu wa Tabora mnapenda kulia. Sisi huku Ujiji watoto wanapelekwa kila mwaka kwenye mnara wa Livingstone, wanasimuliwa jinsi Stanley alivyomkuta pale mwaka 1871, na hakuna mzazi aliyewahi kulalamika. Ninyi wenyewe mna tembe la Kwihara alikokaa Livingstone, mnapeleka wageni. Halafu Isike naye tusimfanye malaika, alitoza hongo, yaani ushuru wa njia, misafara iliyopita kwake na alipigana na wafanyabiashara kwa ajili ya pembe za ndovu.

Fundi Cheyo
Wewe wa Ujiji ndiye wa kusema biashara? Watumwa kutoka ng'ambo ya ziwa walishukia wapi kama si bandarini kwenu?

Mwana Ujiji
Na wakapitia wapi kwenda Bagamoyo? Si Tabora?

Fundi Cheyo
Walipitishwa na Waarabu.

Mwana Ujiji
Na waliobeba pembe njia nzima mpaka pwani? Wapagazi walikuwa Waarabu?

Mjukuu wa Itetemia
Upagazi ilikuwa kazi ya ujira, tena ya heshima. Kijana wa Kinyamwezi asiyeiona pwani alikuwa hajakomaa. Usichanganye mpagazi na mtumwa, ndugu. Babu zetu hawakufungwa minyororo kwenda Bagamoyo, walikwenda kwa miguu yao na walirudi na nguo zao.

Dada Steshenari
Niseme ninachokiona kazini. Nachapa kazi za wanafunzi wa shule nyingi hapa mjini. Tangu mradi huu uanze nimechapa picha ileile ya Prince, amevaa sare, kwa rangi, kwa sababu wanaambiwa ukurasa wa kwanza upendeze. Hakuna hata mmoja aliyeniomba kitu cha Isike. Kijana mmoja nilimwuliza boma la Isike lilikuwa wapi, akanionyesha kwa kidole kule kwenye boma la Wajerumani. Nilinyamaza, nikampa chenji yake. Mpaka leo linaniuma.

Mwalimu wa Zamu
Huyo ni wa shule gani?

Dada Steshenari
Sitaji shule, mwalimu.

Mkulima wa Urambo
Nimesoma yote. Mnabishana juu ya mapigano ya mwaka mmoja, wakati huyo mtu alikuwa mlowezi tangu 1900 mpaka 1914. Swali la mradi ni maisha ya mlowezi. Nani alilima hilo shamba? Huko Usambara, kuanzia 1907 hivi, Wasambaa walipewa kadi. Ndani ya miezi minne lazima mwanamume afanye siku 30 kwa Mzungu kwa ujira uliopangwa, asipotimiza anapelekwa kazi za serikali. Na mashamba ya Tanga yalijaa vijana waliotoka huku kwetu. Babu yangu mzaa mama alikwenda mkonge, enzi za Mwingereza. Akarudi kidole gumba hakipo, na kipande chake alikihifadhi kwenye kopo la majani ya chai. Watoto waulizwe hilo. Ama wafuatilie walowezi wa hapa hapa: mpango wa karanga wa Waingereza ulifika Urambo mwishoni mwa miaka ya 1940, ukafa, mashamba yakageuzwa ya tumbaku. Sisi tumerithi tumbaku hiyo mpaka leo.

Mwana Ujiji
Na tumbaku hiyo ndiyo imemaliza miyombo yenu. Mnakata msitu mzima kukausha majani.

Mkulima wa Urambo
Ndugu wa Ujiji, mimi napanda miti kila msimu. Usiniandikie habari ya msitu wangu.

Fundi Cheyo
Lakini ni kweli, miaka ile ukitoka Urambo kuja Tabora ulikuwa kivulini njia nzima.

Mkulima wa Urambo
Mwulize aliyepanga bei ya tumbaku. Mkulima analipwa kidogo, gesi hawezi, atakaushia nini?

Mzee wa Ng'ambo
Tumetoka kwa Isike tumefika kwenye bei ya tumbaku. Mama Kanyenye alituuliza jambo.

Mama Kanyenye
Asante mzee. Kazi inatakiwa Jumatatu, mada haibadilishwi, nimeshaongea na mwalimu wake. Kakubali kitu kimoja: kundi likitaka linaweza kuongeza sehemu ya waliofanya kazi shambani. Mkulima wa Urambo, hiyo habari ya kadi nieleze zaidi faragha. Na kama unaruhusu, binti aje amwone mama yako, aulize juu ya babu.

Mkulima wa Urambo
Aje Jumamosi asubuhi. Mama anasikia vizuri sikio la kulia, akae upande huo. Kopo lipo.

Mjukuu wa Itetemia
Na jina la Isike liandikwe kwanza, kabla ya huyo Prince kuzaliwa Mauritius. Mwalimu wa Zamu, bado nakusubiri. Wazee wa nani waliokuwa kwenye jeshi la Mjerumani? Taja ukoo.

Mwalimu wa Zamu
Wangu. Babu wa baba yangu alikuwa askari wa Mjerumani. Unataka na jina lake?