Fulana za "Tunajali Furaha Yako" mnatugawia, ratiba ya zamu hamtuulizi

Wakuu, leo mnivumilie, nimechoka.

Kazini kwetu wametuletea dodoso la kupima kama tumeridhika. Juu kwa herufi kubwa: USIANDIKE JINA. Chini yake wanataka kitengo, jinsia, umri na mwaka ulioajiriwa. Stoo ina mwanamke mmoja tu! Dada wa watu akaandika ukweli, kwamba ratiba inatupwa kwenye grupu usiku wa kuamkia zamu yenyewe, mtu hajui mtoto amwachie nani. Wiki haijaisha kaitwa ofisini: "Kumbe wewe una manung'uniko?" Dodoso lijalo nani atasema kweli? Wote tutatiki "nimeridhika sana", na matokeo yatabandikwa ukutani kwa mbwembwe.

Kisha zikaja fulana. Tulipoulizia malipo ya saa za ziada, afisa utumishi akatutolea somo la Herzberg, yule mwanasaikolojia wa Kimarekani aliyechunguza ari ya wafanyakazi, eti tangu 1959 inajulikana kuwa hela haimpi mtu ari. Kasoma nusu ukurasa huyo! Herzberg huyohuyo alisema mshahara mbovu na usimamizi mbovu ndivyo vinavyozaa kinyongo. Hakusema viachwe hivyo hivyo.

Na kinachotumaliza si wingi wa kazi, jamani. Ni kukosa kauli. Robert Karasek, mtafiti wa msongo wa kazini, aliliandika hili mwaka 1979: mzigo mkubwa ukiambatana na kutoachiwa uamuzi, hapo ndipo mtu anapochakaa, mzigo uleule akiachiwa kuupanga, anajifunza na kukomaa. Kwetu hata kubadilishana zamu na mwenzako mliyekubaliana kunasubiri saini ya mtu ambaye hajawahi kuingia zamu.

Saa nazo! Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walisema anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 35 ile ya anayefanya saa 35 hadi 40. Kwetu muda wako ukiisha ukabeba begi, unaulizwa umeomba ruhusa kwa nani.

Ratiba itoke mapema, tuachiwe kubadilishana zamu, saa za ziada zilipwe. Mawili ya kwanza hayagharimu hata fulana moja.

Mliowahi kuwabana mabosi wakakubali, mlianzia wapi? Na wa "si uache kazi" apite kimya kimya.