Sulisuli kanasa, tuko mbio na kaskazi mgongoni: nilipaswa kufanya nini?

Baharia_Kilifi:
Salaam wakuu. Naomba ushauri wa waliovua kwenye vyombo vya matanga, maana wa mashine wanavuta gia tu wakasimama.

Nafanya kazi kwenye boti ya matanga ya futi 38. Juzi tumetoka Kilifi kwenda Unguja, watu watatu, kaskazi iko mgongoni, mwendo noti 6 (maili za bahari kwa saa), matanga yote mawili wazi. Mkondo wa Pemba nikawa nakokota mshipi wa mkono: nailoni nene mita 60, ngisi wa plastiki, ndoana moja, mwisho nimefunga kwenye chuma cha tezi, kule nyuma ya chombo. Saa tisa alasiri kamba ikakaza mpaka ikawa inalia. Kule nyuma akaruka sulisuli, yule samaki wa mdomo mrefu kama mkuki, mara tatu, anatikisa kichwa, ubavu unang'aa buluu. Kwa macho yangu hapungui kilo 100.

Nikadaka kamba mikono mitupu, ikanichana viganja vyote viwili. Mwenzangu wa usukani alitaka kusimamisha chombo, akageuza kwa pupa, tanga kuu likavuka upande wa pili na boriti yake ikapita shibiri moja juu ya kichwa changu. Kamba ikakatikia pale pale kwenye chuma. Samaki kaenda na ndoana mdomoni na nailoni yote anaiburuta. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mwezi ujao tunapita tena pale.

Mzee_Shimoni:
Pole mwanangu. Shukuru kichwa kipo.

Samaki akinasa, usimguse. Shughulikia chombo kwanza. Kunjeni tanga la mbele, mwendo utashuka wenyewe. Kisha usukani uelekee upepo polepole huku mnavuta tanga kuu, halafu mlegeze kamba ya tanga chombo kitulie. Na mkikimbia na upepo mgongoni, ile boriti iwe na kamba ya kuizuia isivuke. Hiyo hata kama hamvui.

Samaki muwekeni upande wa goshini, unakotoka upepo. Chombo kinasukumwa demani, upande unakoelekea upepo, kwa hiyo kinamkimbia. Akiwa demani mtampanda juu, na mshipi utaingia kwenye usukani au rafadha.

BintiWete:
Naongezea kwa Mzee: msisimame kabisa. Jodari akiona chombo kimesimama anazama wima chini, na mkondo ule una kina cha zaidi ya mita 800, hamtamrudisha. Noti 1 au 2 zinamchosha akiwa juu juu.

Sasa hilo la nailoni, kaka, lina dawa. Kipande cha mwisho karibu na ndoana kiwe dhaifu kuliko mshipi mzima. Ikibidi kukatika, kutakatikia kule mdomoni, samaki aende na kipande kifupi tu. Ndoana iwe ya chuma cha kawaida kinachoshika kutu, isiwe ya chuma cha pua, na ule mwiba wake ubane kwa plaizi. Kwenye chuma cha tezi weka mpira wa tyubu ya gari upokee mshtuko. Na glavu, tafadhali.

Jodari_Mwekundu:
Mimi nauliza, watu watatu mlitaka kumpeleka wapi wa kilo 100? Tumia ngisi mdogo wa kidole, utapata fulusi na vijodari, ingawa mkubwa anaweza kula hata hicho. Ukipata jodari mchinje hapo hapo damu itoke, aingie kwenye barafu. Akilala juani anajenga sumu ambayo hata umpike vipi haitoki: uso unawaka, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio. Nimeugua hivyo, sitamani mtu.

Baharia_Kilifi:
Asanteni sana. Ngisi mdogo nimeshanunua. Ila sulisuli akila tena, nikamfikisha ubavuni, namwachaje? Ule mdomo unanitisha.

Mzee_Shimoni:
Usimpandishe. Mdomo wake umeshatoboa watu, na akipigapiga ndani ya chombo atavunja mguu wa mtu. Mwacheni majini, chombo kiende taratibu maji yapite kwenye matamvua apate pumzi. Mmoja ashike waya, kile kipande cha mwisho karibu na ndoana, kwa glavu, asiuzungushe mkononi hata mara moja. Mwingine anyooshe koleo refu atoe ndoana. Ikikataa, kata karibu na mdomo kadiri unavyofika.

Kisu kikae tezi, kimefungwa kwa kamba, kila mtu ajue kilipo kabla mshipi haujaingia majini.