Vyeo vya "Baba Mtume Nabii Dokta" mnavitoa kwenye Biblia ipi? Wakristo wa Mbeya tumezidi sasa

Wakuu salamu. Nimekaa na hili jambo rohoni muda mrefu, leo naliweka hapa na atakayekasirika akasirike. Pita barabara ya kuanzia Mafiati kwenda Mwanjelwa uangalie mabango ya makanisa, sura ya mtu imejaa bango zima, kabla ya jina lake kuna Askofu Mkuu Mtume Nabii Dokta, halafu jina la Yesu limebanwa kule chini kwenye kona karibu na namba za simu. Hiyo ni huduma ya nani??

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Kanisa moja huku Uyole (silitaji), bibi mmoja wa Kinyakyusa kasimama kutoa ushuhuda, mjukuu wake alikuwa anaumwa kapona, akasema "namshukuru Mungu, na mwanangu mchungaji aliyeniombea". Mhudumu akamchukulia maiki palepale, "bibi, hapa hatuna mchungaji, sema Baba Mtume". Bibi wa watu kakunja kitenge chake mkononi, karudia, akateleza tena akasema baba mchungaji, akarudishwa tena mpaka apatie. Anafundishwa kumwita baba kijana ambaye yeye bibi angeweza kumzaa, na kanisa zima linapiga makofi, na huyo mtume mwenyewe kakaa kwenye kochi lake mbele anatikisa kichwa ameridhika. Hakunyanyuka hata kumwambia mhudumu mwache mama aongee.

Sasa fungueni Mathayo 23. Yesu anawasema mafarisayo waliopenda viti vya mbele na kusalimiwa masokoni, halafu anawageukia wanafunzi wake, "Bali ninyi msiitwe Rabi, maana mwalimu wenu ni mmoja, nanyi nyote ni ndugu. Wala msimwite mtu baba duniani". Hapo panataka tafsiri ya nani?

Na Petro ambaye kila mtume wa siku hizi anamtaja, Kornelio alipomwangukia miguuni alifanyaje? Matendo 10 inasema akamwinua, "Simama, mimi nami ni mwanadamu". Paulo na Barnaba kule Listra watu walipotaka kuwatolea dhabihu wakararua mavazi yao wakakimbilia katikati ya watu wakipiga kelele. Wa kwetu wakipigiwa magoti wanaongeza sauti ya kinanda.

Najua mtaniletea Waefeso 4:11, kwamba mitume na manabii na wachungaji wapo. Sawa wapo, ila ile ni kazi waliyopewa ya kuwajenga watu. Paulo alikuwa mtume kwelikweli na kwenye barua zake anajitambulisha hivyo, lakini Anania alipomwendea pale Dameski alimwita "Ndugu Sauli", na Petro alipoandika habari zake akasema "ndugu yetu mpenzi Paulo". Bas. Hakuna Mheshimiwa wala Daddy hapo. Hata 1 Wakorintho 4:15 mnayoipenda ile ya baba wa kiroho, Paulo anasema aliwazaa kwa Injili, hakuwaagiza wamsimamishie bibi kizee kanisani.

Halafu angalia jina kubwa kuliko yote, mtakatifu, Biblia imempa nani. Paulo anawaandikia Wafilipi "watakatifu wote katika Kristo Yesu" halafu ndo anamalizia pamoja na maaskofu na mashemasi, yaani waumini wametajwa kwanza! Wakorintho walikuwa wanapelekana mahakamani, wanalewa kwenye meza ya Bwana, na bado kawaita watakatifu. Kwa hiyo yule bibi kwa Biblia ni mtakatifu, ana heshima kamili bila bango.

Na msiwasingizie Wakatoliki, maana ndo kichaka chenu, "mbona wao wanaita padri baba, mbona wana watakatifu wao". Sikubaliani nao kwa hayo, mimi ni Mmoraviani, lakini angalau wao mtu hajipi. Mashahidi wa Uganda waliuawa kati ya 1885 na 1887, wakaja kutangazwa watakatifu 1964, na wote walikuwa marehemu zamani. Wa kwetu anafungua kanisa mwezi wa tatu ni mwinjilisti, mwezi wa sita nabii, krismasi inamkuta mtume, na udokta kaununua sijui wapi.

Hata misibani sasa. Juzi Tukuyu mvua imeshaanza, jeneza liko mlangoni, MC bado anatambua uwepo wa watumishi mmoja mmoja na vyeo vyao vyote kwa sababu akiruka kimoja mtu ananuna. Wafiwa wanalowa!

Wazee wa makanisa mnaosoma humu mnaogopa nini kuwaambia? Na wewe uliyejiandaa kunijibu "usimguse masihi wa Bwana", niletee andiko moja tu ambapo mtume alimkataza mtu kumwita ndugu. Nataka kitabu, sura na mstari, ushuhuda baki nao.