Mjadala: Dawa za kisukari zilipiwe na serikali, au kila mtu abebe tumbo lake?

Mwalimu Mstaafu wa Ngamiani
Ndugu zangu wa Tanga, naleta hoja moja tuijadili kwa utulivu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, na mipango ya taifa ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza imeandikwa vizuri, lakini mgonjwa wa kisukari anayekwenda zahanati ya mtaani kwake bado anarudi na karatasi ya kwenda kununulia dawa dukani. Mwenye virusi vya UKIMWI anapewa dawa bure tangu mwaka 2004, wa kifua kikuu vivyo hivyo, na hakuna anayewauliza waliishije hata wakaugua. Napendekeza kodi ya vinywaji vyenye sukari ipandishwe hadi iume, na fedha hizo zinunue vidonge vya metfomini, sindano za insulini na vifaa vya kupimia sukari mpaka ngazi ya zahanati. Mnasemaje?

Mhasibu
Shikamoo Mwalimu. Nia yako ni njema, ila ushuru wa bidhaa kwenye soda tunalipa miaka yote, na sijawahi kuona senti yake ikigeuka sindano. Fedha ikishaingia Hazina haina jina la mtu. Tena tukiacha kuoneana haya, watu wa Tanga hamuugui kwa sababu ya soda. Mnajimaliza wenyewe kwa halwa, visheti na chai ya vijiko vinne. Tangu nihamishiwe hapa kutoka bara sijahudhuria shughuli ambayo sinia la vitu vitamu halikunifikia kabla ya maji ya kunawa. Hakuna waziri anayeweza kumtoa mtu kijiko mdomoni.

Binti wa Chumbageni
Kaka Mhasibu, sinia likikufikia si ulikuwa unakula? Halwa haikuingia Tanga jana. Bibi zetu waliila kipande kwa kahawa chungu, siku ya Idi au siku ya harusi, na ugonjwa huu ulikuwa wa watu wa kuhesabika mtaa mzima. Upo utafiti wa zamani, mwaka sikumbuki, uliofanywa vijijini hapa nchini ukakuta wenye kisukari hawafiki hata mmoja katika watu wazima mia. Kama halwa ndiyo mchawi, mbona hakuua mapema? Lakini wageni wetu ndivyo walivyo: waja leo, waondoka leo, na katikati wametuandikia sababu za vifo vyetu.

Mhasibu
Dada, hivyo vijiji vya utafiti wako vilikuwa vinakula halwa ya nani? Umeuleta utafiti usiojua ulifanyika wapi kutetea jiko lako. Na mimi si wa kuja leo, watoto wangu wote wamezaliwa hapahapa.

Mfamasia
Utafiti anaousema Binti ulichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Lancet. Ulipima vijiji sita na ukakuta kiwango kilicho chini ya asilimia 1. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta takriban asilimia 9 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Makundi hayo hayalingani kwa umri wala kwa mahali, kwa hiyo si halali kuyapanga moja juu ya lingine na kutoa jibu, ila pengo hilo ni kubwa mno kuelezwa kwa sahani ya visheti.

Kuhusu kodi, Mhasibu ameitazama kutoka upande mmoja tu. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Uingereza ilipoanzisha ushuru wake Aprili 2018 iliupanga kwa kiwango cha sukari kilichomo kwenye kinywaji, na viwanda vingi vikapunguza sukari hata kabla ya siku ya kuanza ili vikwepe ushuru. Mnywaji aliendelea kunywa, kilichobadilika ni kilichomo ndani ya chupa. Afrika Kusini ilianza mwezi huohuo. Kodi ya aina hiyo inamlenga mwenye kiwanda, haimvizii mtu kwenye meza yake. Ushuru wa kawaida unaotozwa kwa lita, sukari iwe nyingi au kidogo, hauwezi kufanya kazi hiyo, na hilo ndilo tungepaswa kuliomba libadilike.

Tusisahau pia madhara ya kukaa bila kutembea. Tanga hii ilikuwa mji wa baiskeli, watu wazima na nguo zao za kazi wakikanyaga pedali kwenda na kurudi. Sasa mtu anatoka Makorora kwenda sokoni kwa bodaboda.

Dereva wa Makorora
Nimesoma yote kwa heshima mpaka nilipofika hapo mwisho. Kwa hiyo kisukari nacho kimeletwa na bodaboda? Ajali ni sisi, kelele ni sisi, sasa na kongosho za watu ni sisi. Hao abiria tunawavuta kwa kamba? Mimi nawabeba wazee kuwapeleka kusafishwa vidonda, mguu umezungushwa bandeji, juu ya bandeji mfuko wa plastiki ili vumbi lisiingie, na nikifika kwenye tuta nashuka kabisa, naikokota pikipiki ili asitikisike. Mfamasia niambie, mzee yule aende kwa baiskeli?

Mfamasia
Ndugu Dereva, sikusema bodaboda huleta kisukari, nimesema mwili usiofanya kazi hushindwa kuitumia ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari. Mzee mwenye kidonda abebwe, tena kwa uangalifu huohuo unaousema. Maneno yangu yalikuwa kwa kijana wa miaka 30 anayepanda pikipiki kwenda kununua vocha.

Dereva wa Makorora
Kijana huyo akitembea, mimi nitakula nini? Weka njia ya waenda kwa miguu yenye kivuli, atembee mwenyewe bila kusemwa. Jua la Tanga la saa saba unalijua.

Mama wa Mtoto wa Sindano
Nilikuwa napita tu, lakini lile neno “mnajimaliza wenyewe” limenikaa kooni. Mwanangu ana kisukari cha aina ya kwanza. Kinga ya mwili wake ndiyo iliyoziharibu seli zinazotengeneza insulini, alikuwa bado anaota meno ya utotoni, na hakuna halwa wala soda iliyohusika. Hata hivyo nikiwa naye kliniki nimeshasikia mtu akiniuliza kwa sauti nilikuwa namlisha nini.

Insulini huharibika kwa joto, na kwetu hatuna friji. Naiweka kwenye chungu kidogo kilichozamishwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, asubuhi na jioni namwagia mchanga maji, juu nafunika kitambaa kibichi. Insulini yenyewe tunaipata kwa mradi wa msaada kwa sababu ni mtoto. Kinachonitoa machozi ni vile vipande vya kupimia sukari ya damu, ambavyo kwenye kituo kimoja cha serikali nimeviulizia mpaka mhudumu akiniona ananyanyua mikono kabla sijafika dirishani. Bila kipimo nachoma sindano kwa kukisia, na ukikisia vibaya usiku sukari inashuka na mtoto haamki. Huyu naye anabebaje tumbo lake?

Mhasibu
Mama, wewe sikukulenga, na hilo ulijue. Nilisema kuhusu aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa walio wengi, na hapo msimamo wangu haujasogea. Mtoto kama wako serikali imhudumie bila swali. Ninachopinga ni mtu mzima aliyeambiwa punguza wanga, punguza sukari, akaendelea na wali wa nazi mara mbili kwa siku, kisha akadai kodi yangu imnunulie vidonge.

Binti wa Chumbageni
Sasa tumetoka kwenye halwa tumeingia kwenye wali wa nazi. Kesho utatufikia kwenye muhogo wa futari. Na huyo mtu mzima aliambiwa na nani hayo ya kupunguza, ikiwa wengi wanajua wana kisukari siku kidonda kinapokataa kupona? Ungemlaumu vizuri kama angepimwa kwanza.

Mwalimu Mstaafu wa Ngamiani
Hilo la Binti ndilo nililokuwa nalitafuta, na limepita kama utani. Mhasibu, unagawa wagonjwa wanaostahili na wasiostahili, lakini mgawanyo huo haumo katika gharama. Metfomini ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa, na waliogundua insulini kule Toronto mwaka 1921 waliuza haki ya uvumbuzi wao kwa chuo kikuu kwa dola moja kila mmoja, ili isije ikawa bidhaa ya wenye fedha peke yao. Ghali ni kusafisha figo kwa mashine na kukata miguu, na huko wewe mwenye kodi utalipa tu, utake usitake. Bango la “Mpishe mzee kwanza” tumeliona kila mahali. Mzee anapishwa kweli, anamwona daktari bila kulipa, kisha anapewa karatasi ya dukani.

Mhasibu
Mwalimu, karatasi ya dukani ni tatizo la ugavi, halihitaji kodi mpya. Watu wakate bima. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na bado tulikuwa tunawabembeleza majirani wajiunge.

Mama wa Mtoto wa Sindano
Kadi hiyo niliikata, Kaka. Niliionyesha dirishani, ikasomwa, ikarudishwa, na vipande havikuwepo. Kama unaijua njia ya kulipeleka suala la ugavi kwenye kikao cha bajeti ya halmashauri, andika hapa barua inaanzaje na inapelekwa kwa nani, mimi nitaisaini wa kwanza.

Dereva wa Makorora
Na mimi nisaini. Ila kifungu cha bodaboda kitolewe.