Saa chache Singapore: Marina Barrage au bwawa la MacRitchie?

Msafiri_Tanga
Wakuu, naomba ulinganisho. Tunatua uwanja wa ndege wa Changi saa 4 asubuhi, ndege inayofuata inaondoka saa 6 usiku. Nina mtoto wa miaka miwili kwenye kigari na mama yangu anayesumbuliwa na magoti. Tunataka bwawa la mjini ambalo wenyeji wanapumzikia, maduka hatuyahitaji. Kuna Marina Barrage na kuna MacRitchie. Lipi, na tufikeje?

FundiMaji
Kwa msafara huo, Marina Barrage. Mtu wa Tanga atalielewa upesi kwa sababu kazi yake yote inategemea kupwa na kujaa. Ni ukuta uliokatiza mkondo wa bahari wenye upana wa mita 350, ukafunguliwa 2008. Malango 9 ya chuma yanaizuia bahari isiingie. Mvua ikasukuma chumvi nje kidogo kidogo, na kufikia mwisho wa 2010 maji ya ndani yakawa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Eneo linalomwaga maji humo ni hekta 10,000, karibu moja ya sita ya nchi nzima.

Mvua kubwa ikinyesha wakati bahari imekupwa, malango hulazwa na maji hujitokea yenyewe. Ikinyesha wakati bahari imejaa, ukilaza malango bahari ndiyo itakayoingia, mitaa ya chini ifurike. Hapo malango hubaki yamesimama na pampu 7 zinafanya kazi, kila moja ina uwezo wa kutoa mita za ujazo 40 kwa sekunde. Sasa, lile paa la nyasi ambalo watu hukaa na kurusha tiara ni paa la nyumba ya pampu hizo. Unatandika mkeka juu ya mtambo unaoulinda mji, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kwenda.

MamaPacha
Kuhusu magoti na kigari: njia ya kupanda paani ni mteremko wa kuzunguka, haikulazimishi kupanda ngazi. Tatizo ni jua. Paani hakuna mti hata mmoja wa kujisitiri, kwa hiyo kati ya saa 5 na saa 10 mtoto ataungua. Fikeni saa 11 jioni. Jua linatua kati ya saa 12:45 na saa 1:20 mwaka mzima, maana pale ni jirani na ikweta kama kwetu, ila saa zao ziko mbele yetu kwa 5.

Bebeni kipande cha nailoni cha kutandika chini ya mkeka. Mvua za alasiri ni za kawaida, na nyasi zikishalowa zinalowesha mkeka wote hata kama juu zinaonekana kavu. Radi ikianza kunguruma shukeni mara moja, msisubiri matone: paa lile ni uwanda wazi, na uzi wa tiara uliolowa ni hatari.

Reli_na_Miguu
Njia ya treni kutoka Changi: shukeni Tanah Merah mbadilishe kuingia njia ya kijani ya kwenda mjini, kisha Raffles Place mbadilishe kuingia njia nyekundu hadi Marina Bay. Hapo wengi hukosea. Wanaendelea na nyekundu hadi Marina South Pier kwa kuwa ramani za zamani zinasema hivyo, kisha wanatembea mbali juani. Shukeni Marina Bay, ingieni njia ya kahawia, kituo kinachofuata ni Gardens by the Bay, kilichofunguliwa mwishoni mwa 2022. Kutoka hapo ni kama dakika 15 kwa mguu, tambarare. Asiyeweza kutembea hata hizo apande basi namba 400 kutoka Marina Bay.

Nauli mnalipa kwa kugusisha kadi ya benki ya Visa au Mastercard, kila mtu mzima na kadi yake. Kadi moja haiwapitishi wawili. Mtoto asiyezidi sentimita 90 anapanda bure. Ndani ya treni msile wala msinywe, hata maji, kuna faini.

Kima_wa_Shimba
Naomba kumtetea MacRitchie. Ndilo bwawa kongwe zaidi la Singapore, la 1868, na kuna msitu wa kweli unaolizunguka. Kivuli kipo, kwa hiyo saa zile za jua kali ambazo Marina hapakaliki, hapa panakalika. Njia ile ile ya kahawia inafika Caldecott bila kubadilisha, kisha kama dakika 20 kwa mguu.

MamaPacha
@Kima_wa_Shimba kaka, dakika 20 kwenda na 20 kurudi kwa mama mwenye magoti? Na daraja la juu ya miti, ambalo ndilo linalowapeleka watu wengi pale, ni mzunguko wa saa 3 hadi 5 wenye mizizi na ngazi. Kigari hakipiti.

Kima_wa_Shimba
Daraja waliache, hapo nakubali. Nilikuwa nasema sehemu ya mbele tu: tuta lenyewe na ukingo wa maji. Wachukue teksi kutoka Caldecott. Ila wafunge vyakula ndani ya begi lenye zipu. Tumbili wa pale wanaujua mfuko wa plastiki, wakiusikia ukichakarika wanakuja kuupokonya. Kuwalisha ni kosa la jinai.

FundiMaji
Basi ratiba ipangwe hivi. Mizigo iachwe uwanjani. Mchana kaeni ndani kwenye kiyoyozi au MacRitchie ukingoni kama mama anaweza. Saa 11 Marina Barrage. Kabla ya kupanda paani, vukeni daraja lililo juu ya malango: upande mmoja maji baridi, upande wa pili bahari na meli zimetia nanga. Mkikuta bahari imekupwa, tofauti ya kimo cha maji ya pande mbili inaonekana kwa macho, hasa siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida. Kuogelea hairuhusiwi.

Saa 1:45 usiku kuna onyesho la taa la bure kwenye ile miti mirefu ya chuma ya bustani ya Gardens by the Bay, mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa mguu kutoka Marina Barrage. La pili ni saa 2:45, hilo msilisubiri. Mkitoka la kwanza, saa 2:15 muwe njiani. Safari ya kurudi Changi ihesabuni saa nzima.

Reli_na_Miguu
Na kabla ya kutoka uwanjani lazima muwe mmejaza fomu ya kuingia nchini mtandaoni, ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Ni bure, tovuti ikiwadai pesa, ondokeni. Je, mnapitia Nairobi, Entebbe au Addis? Kama mtakuwa mmetoka nje ya uwanja huko ndani ya siku 6 zilizotangulia, bebeni vyeti vya homa ya manjano, cha mtoto pia.

Msafiri_Tanga
Tunapitia Addis, hatutoki nje, lakini vyeti tunavyo. Marina Barrage basi, na nailoni naiweka kwenye begi la mkononi.