Naomba ushauri: utawala wa Philippe IV wa Ufaransa niuelezeje?

Habari zenu ndugu zangu. Kikundi chetu cha kujisomea historia kimenipa zamu ya kuzungumzia Philippe IV, mfalme wa Ufaransa kuanzia 1285 hadi 1314. Nimesoma usiku na mchana, lakini sijui nianzie wapi.

Wengi huanza na ugomvi wake na Papa Boniface VIII. Ni kisa kizito kweli: mfalme aliwatoza makasisi kodi, Papa akakataa, na mwaka 1303 watu wa mfalme wakamvamia Papa kule Anagni, mji wa Italia. Papa alifariki wiki chache baadaye.

Mimi naona mzizi wa yote ni fedha. Vita vyake dhidi ya Uingereza na Flanders (eneo ambalo leo sehemu kubwa iko Ubelgiji) vilikausha hazina. Akapunguza madini ya thamani kwenye sarafu, bei zikapanda, na mwaka 1306 watu wa Paris wakafanya ghasia. Mwaka huohuo akawafukuza Wayahudi na kutwaa mali zao. Inaniuma kila nikiisoma sehemu hiyo, maana zilikuwa familia nzima nzima. Oktoba 13, 1307 ikawa zamu ya kukamatwa kwa Watemplari, shirika la watawa wapiganaji waliokuwa wakitunza hazina yake. Mkuu wao, Jacques de Molay, alichomwa moto mwaka 1314.

Je, nianze na fedha au na Papa? Na waliowahi kufundisha, mnawaelezaje wasikilizaji suala la sarafu bila kuwachosha? Nina dakika 30 tu.